Ndugu wa Aya ya Sabini na Mbili

Kofia ya mwenyekiti wa msikiti ilipopitishwa safu kwa safu ikiwa na vikaratasi ndani, wanaume wote waliokaa kwenye zulia walinyamaza wakaomba dua kimoyomoyo. Kama dua zingekuwa na sauti, ungesikia kitu kimoja tu msikiti mzima: Ewe Mola wetu, nipe ndugu mwenye uwezo.

Mambo yalianzia kwenye hotuba ya Ijumaa. Imamu aliifafanua ile aya isemayo kwamba waumini ni ndugu, basi wapatanisheni ndugu zenu. Akasonga mbele hadi kwenye makatazo: msidharauliane, msiitane majina ya kejeli, msidhaniane vibaya, msisengenyane. Alisema vizuri mno, watu wakafuta machozi. Swala ilipoisha wakatoka nje, wakagombania viatu mlangoni.

Wazee wa kamati wakaona maneno matamu vile yasiachwe yakapoa. Wakakumbuka jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina alivyowaunganisha wageni na wenyeji wawili wawili, kila mtu na nduguye. "Na sisi tufuate nyayo," akasema mwenyekiti. "Tutapiga kura, ili mtu asije akasema kapendelewa fulani."

Mwenyekiti alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Kura yake ikamwangukia mwadhini, mzee ambaye masikio yake hayakuwa yakisikia tena kitu chochote, na ambaye tangu ujana wake hakuwahi kumwomba mtu hata kijiti cha kiberiti. Watu wakatazamana. Hakuna aliyesema neno, maana hiyo ingekuwa dhana mbaya, na dhana mbaya ilikuwa imekatazwa juzi tu.

Kofia ikamfikia Sponji. Sponji alikuwa fundi makochi, mtu mnene, laini, akikaa anazama na akiinuka anachukua muda. Jina hilo alipewa na mtaa, naye alishalizoea, ila siku ile ya hotuba aliona kama amepata mtetezi. Utetezi wenyewe haukudumu. Imamu aliposhuka tu kwenye mimbari alimwambia, "Sponji, sogea kidogo, wenzako nao wapate pa kusujudia."

Akatia mkono kwenye kofia, akatoa karatasi, akaifungua. Ilikuwa imeandikwa: Msumari.

"La haula," akasema Sponji, na jirani yake kwenye safu akadhani anamtaja Mungu kwa furaha.

Msumari alikuwa seremala, mwembamba, mrefu, mgumu, asiye na mke wala mtoto. Karakana yake ilitazama barabara kuu. Kitanda akikiweka nje asubuhi, mchana kimeshapata mwenyewe. Karakana ya Sponji ilikuwa nyuma yake, wamegawana ukuta mmoja, nayo ilifikiwa kwa kichochoro chembamba sana hata paka wawili wakikutana mle lazima mmoja arudi kinyumenyume. Kochi la watu watatu kulitoa nje ilikuwa kazi: linasimamishwa wima, linasomewa bismillahi, na bado linatoka limechubuka bega. Wapita njia waliona vitanda vya Msumari na hawakujua kama nyuma ya vile vitanda kuna binadamu anashona ngozi mshono ulionyooka kama mstari wa rula.

Kwa hiyo kama ulitaka kujua Sponji anaota nini akilala, usingehangaika. Aliota upande wa mbele. Alipatamani pale mahali kama mtu aliyefunga anavyoutazama mtungi wa maji. Mara kwa mara alijaribu kuweka kiti kimoja tu kwenye mdomo wa kichochoro, kionekane, na kila mara Msumari alikisukuma kwa mguu kikarudi ndani. Wakagombana hadi salamu ikawa inatolewa nusunusu: huyu anasema "Salaam," yule anajibu "Laikum," hayo mengine wanawaachia malaika wamalizie.

Jioni akamweleza mkewe. Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa na ncha.

"Umepata nani?"

"Msumari."

Mkewe akacheka mpaka akaweka chini bakuli alilokuwa analiosha. "Mungu ana mizaha yake. Basi mpende nduguyo, baba watoto. Anza kwa kumaliza salamu."

Hakumaliza salamu. Wiki hiyo walipishana kama kawaida yao, na huenda wangepishana hivyo hadi kiama, kama si darsa ya Jumamosi.

Darsa ilikuwa baada ya alasiri, na ustadhi aliyeiendesha alifasiri Kurani kama mtu anayekula samaki mwenye miba: polepole, kwa vidole, hamezi kitu ambacho hakijakaguliwa. Walikuwa kwenye Sura ya Nyara, na watu walioianza wakiwa na ndevu nyeusi walishaanza kupaka hina. Jumamosi hiyo wakafika aya ya sabini na mbili, aya ya wale waliohama na wale waliowapokea, kwamba hao ni walinzi wao kwa wao. Ustadhi akaeleza kwamba wafasiri wengi wamesema ulinzi huo ulikuwa mzito kuliko tunavyodhani. Aliyehama akifa, anayemrithi ni yule ndugu yake wa kuunganishwa. Jamaa zake wa damu waliobaki bila kuhama hawapati kitu.

Sponji alikuwa amesinzia, mgongo kwenye nguzo. Akafumbua jicho moja.

"Kasema wanarithiana?" akamnong'oneza jirani.

"Ndivyo alivyosema."

Akafumbua la pili. Papo hapo ikapigwa adhana ya magharibi, ustadhi akafunga msahafu. "Tutaona Jumamosi ijayo jambo hili liliishia wapi, inshallah." Lakini Jumamosi ijayo haikuja. Ustadhi aliitwa kwao, mama yake kaanguka, na darsa ikasimama miezi na miezi ikiwa palepale, aya tatu kabla ya mwisho wa sura.

Wengi walikwenda zao wakayasahau. Sponji alikwenda zake akayafikiria. Alifikiri akiwa anakata ngozi, akafikiri akila, akafikiri akiwa amemgeuzia mkewe mgongo. Mtume aliunganisha watu, wakarithiana. Kamati imeunganisha watu kwa kufuata nyayo zilezile. Basi masharti si ni yaleyale? Huwezi kununua kochi ukakataa miguu yake. Na Msumari hana mke. Hana mtoto. Na Msumari, aliyekula vumbi la mbao maisha yake yote, alikuwa anakohoa.

Loo, alivyokuwa anakohoa! Kikohozi kile kilipita ukutani kikamfikia Sponji kwenye cherehani yake, na miaka yote alikuwa akikiona kero. Asubuhi hiyo alikisikia, akatabasamu. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea.

Kesho yake akabisha kwenye karakana ya mbele akiwa na bakuli limefunikwa.

"Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu."

Msumari akaacha randa katikati ya ubao. Salamu nzima namna ile hakuwahi kuisikia kutoka kinywa kile. "Alaikum salaam," akajibu kwa tahadhari. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," akasema Sponji, na moyoni akaongeza: bado. "Nimekuletea supu ya kuku. Kifua kinaendeleaje?"

"Leo nafuu."

"Nafuu?" Sponji akashituka kama aliyepewa habari ya msiba. Akajirudi. "Alhamdulillahi. Lakini usidanganyike na nafuu, ndugu yangu. Nafuu ina hila. Ulikohoaje jana? Kikavu au kizito?"

Ikawa ndiyo desturi. Supu asubuhi, maswali ya kifua, na katikati ya maswali macho ya Sponji yalikuwa yanatembea: pale nitaweka kochi la kona, pale viti viwili, pale kwenye nguzo nitatundika kibao. Siku moja Msumari alimkuta anapima upana wa mlango kwa mikono.

"Unafanya nini?"

"Najinyoosha mgongo."

Cha ajabu ni kwamba hata Msumari alibadilika. Wiki haikuisha na yeye akaanza kuleta vyake: nyama ya kukaanga, mbavu zinazochuruzika mafuta, ngozi ya kuku imekauka vizuri. "Kula, ndugu yangu, kula," alikuwa akimwambia. "Mwili haujengwi kwa matofali." Akawa mtu wa kuingia karakana ya nyuma jioni, anakaa, anamsifia Sponji unene, na huku mkono wake unaipapasa ile cherehani ya kushonea ngozi, mashine nzito ya chuma ambayo mtaa mzima hakuna mwenye nyingine. Aliipapasa taratibu kama mtu anayemzoeza farasi. "Inapakwa mafuta mara ngapi, hii?" aliuliza. "Nauliza tu."

Sponji aliona huo ni upendo. Mkewe aliona kitu kingine.

"Shemeji, hodi!" Msumari alibisha siku moja akiwa na sahani mkononi.

"Shemeji wa kura, karibu," akajibu muuguzi, akaipokea, akainusa. Mgeni alipoondoka akamgeukia mumewe. "Wewe una presha. Hizi mbavu zina mafuta ya kuwashia taa mwezi mzima. Huyu nduguyo anakulisha au anakunenepesha?"

"Undugu wa imani huwezi kuuelewa, mama watoto."

"Sawa. Ng'ombe naye huwa haelewi."

Hakumwambia mkewe habari ya aya. Alijiambia hiyo ni siri ya ibada, na ibada ikitangazwa inapungua thawabu. Ukweli ni kwamba mkewe alisoma chuo cha Kurani utotoni, akamaliza, na Sponji hakutaka kumwuliza swali ambalo angeweza kupata jibu lake.

Katikati ya mapenzi hayo akaja mdogo wake Sponji, mdogo wa tumbo moja, muuza viatu vya mitumba, amelowa jasho.

"Kaka, nimefukuzwa pale nilipokuwa naweka magunia yangu. Naomba kona tu huku nyuma kwako. Usiku naweka, asubuhi natoa."

Sponji akaweka mikono kiunoni. Alikuwa siku hizi na maneno makubwa. "Mdogo wangu, sikiliza. Undugu wa tumbo ni ajali. Mtu huchagui. Undugu wa imani ndio wa kuchagua."

"Kuchagua? Si mlipigiwa kura?"

"Usinikate kauli."

"Sikukati, kaka. Mimi naomba kona."

"Kona ina sponji."

Mdogo mtu akaitazama kona. Ilikuwa na kipande cha sponji kinachoweza kukaa chini ya kwapa. Akabeba magunia yake, akaenda zake, na mlangoni akasema tu, "Haya. Msalimie Msumari."

Msikitini nako undugu wa kura ulikuwa umeshaanza kuvuja. Mwalimu wa hesabu na muuza nyama waliunganishwa wakawa hawaswali safu moja. Dereva alimwendea ndugu yake fundi saa atengenezewe saa bure kwa jina la Madina, wakatoana povu. Mwenyekiti mwenyewe na mwadhini waliendelea kwa amani, maana mmoja hasikii na mwingine hamsemeshi. Kwa hiyo kamati ilipotazama huku na huko kutafuta matunda ya kofia, ikaona Sponji na Msumari tu: wanapelekeana chakula, wanaulizana afya, wanashikana mikono njiani, watu waliokuwa hawamalizi salamu! Mwenyekiti akatangaza kwamba ustadhi akirudi na sura ikikhitimishwa, ndugu hawa wawili watakaa mbele na kupewa zawadi.

Ustadhi akarudi. Jumamosi ya khitma msikiti ulijaa, kuna chai kwenye madumu na wanawake upande wao wa pazia. Sponji na Msumari wakaketishwa mbele kabisa, bega kwa bega, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi. Kando ya mwenyekiti palikuwa na zawadi, ndoo ya rangi ya ukuta kutoka dukani kwake, ya zambarau, rangi ambayo kwa miaka hakuna aliyethubutu kuinunua.

Ustadhi akaanza pale alipoachia. Akapita aya ya sabini na tatu, akapita ya sabini na nne, akaitoa miba yake yote, akafika ya mwisho. Akaisoma kwa sauti nzuri, kisha akasema:

"Hapa sasa ndipo jambo letu linapoishia, ndugu zangu. Mnakumbuka tulisema wale waliounganishwa walikuwa wakirithiana? Aya hii ikateremka ikasema jamaa wa tumbo wana haki zaidi, wao kwa wao, katika hukumu ya Mwenyezi Mungu. Basi kurithiana kule kukaondoka. Undugu wa imani ukabaki: kusaidiana, kuneneana mema, kutakiana kheri. Lakini mirathi ikarudi kwenye damu."

"Lakini, ustadhi!"

Sauti zilikuwa mbili. Zilitoka pamoja, kwa pumzi moja na uchungu mmoja, kama zimefanyishwa mazoezi. Sponji akageuka kumtazama Msumari. Msumari alikuwa ameshageuka kumtazama Sponji.

"Mmoja mmoja," akasema ustadhi. "Lakini nini?"

"Lakini," akasema Sponji, "ile ya sabini na mbili... si ipo? Si bado tunaisoma?"

"Inasomwa. Ila hukumu yake ya mirathi imefutwa. Tangu zama za Mtume mwenyewe. Wewe uliambiwa na nani mnarithiana?"

"Wewe!"

"Mimi nilisema tutaona ilivyoishia. Nikaenda kumuuguza mama."

"Yaani ile cherehani..." akasema Msumari, na papo hapo akaufunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Cherehani gani?" Sponji akauliza.

"Hakuna cherehani."

"Cherehani gani, Msumari?"

"Na wewe 'lakini' yako ilikuwa ya nini? Ulikuwa unapima mlango wangu, eti unajinyoosha mgongo!"

Safu ya kwanza ikaanza kuelewa, ikapasha habari safu ya pili, na kicheko kikaanza kutembea kinyumenyume hadi kwenye viatu. Upande wa pazia kikasikika kicheko cha mwanamke kinachozuiliwa kwa kitambaa na kushindikana, na Sponji alikijua kicheko kile, analala nacho nyumba moja.

"Supu!" akafoka Msumari. "Nikasema huyu kapata uongofu. Kumbe kila asubuhi anakuja kuangalia kama mgonjwa kaiva!"

"Na wewe mbavu! Ulijua nina presha!"

"Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa naongeza chumvi!"

"Jamani, jamani," akasema ustadhi, akijaribu sana kuushika uso wake usicheke. "Msumari anaye dada, namfahamu, kaolewa mji wa pili. Huyo ndiye wa kwanza. Sponji, hukujua kama ana dada?"

Miezi yote ile Sponji alikuwa ameuliza habari za kikohozi kikavu na kikohozi kizito, cha usiku na cha alfajiri. Habari ya kama mtu ana dada hakuiuliza.

Ndipo nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu akainua mkono. Alikuwa mdogo wake, muuza viatu.

"Ustadhi, swali dogo. Mtu ana mke na mabinti wawili, wazazi wake hawapo, akifa mali inakwendaje?"

"Mke ana fungu lake, mabinti wana fungu lao. Kinachobaki kinakwenda kwa ndugu yake wa kiume wa tumbo, kama yupo."

"Yupo," akasema muuza viatu, akakaa. Kisha akainuka tena. "Kaka, si kwa ubaya. Mungu akupe umri. Mimi naomba kona tu."

Msikiti haukuweza tena. Wazee walishika nguzo. Mwadhini, ambaye hakuwa amesikia kitu, alipoona watu wanajifuta machozi alidhani dua imeshaanza, akainua mikono, akasema "Amin" kwa sauti kubwa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa ratiba, akaona hapo ndipo pa kutoa zawadi. Akawakabidhi ndoo.

Ndoo moja, watu wawili. Hakuna aliyetaka kuibeba, hakuna aliyetaka mwenzake aichukue. Wakaishika kila mmoja upande wake wa mkono, wakatoka nayo mtaani wakiwa wamenuna, kanzu nyeupe mbili na zambarau katikati, na watoto wakawasindikiza.

Walipofika mbele ya karakana wakaitua.

"Sasa tuongee kama wanaume," akasema Sponji. "Mimi nataka nusu ya hapa mbele. Nipangishe."

"Ungeniomba mwaka jana ningekukatalia kwa sababu sikupendi. Sasa nakukatalia kwa sababu nakujua."

"Undugu je?"

"Ustadhi si kasema umebaki wa kutakiana kheri? Nakutakia kheri. Huko nyuma."

Akafunga mlango.

Siku zilizofuata mtaa ulimfanya Sponji kichekesho. Mwenye kuagiza kochi alimwuliza kama linakuja na mrithi. Muuza viatu alipewa kona, na kaka mtu aliisafisha mwenyewe bila kusema neno, maana hakuna la kumwambia mtu ambaye amesimama mbele ya msikiti mzima akakuombea umri. Supu ikaisha, mbavu zikaisha. Salamu zikarudi nusu, kisha robo.

Kilichobaki ni kikohozi.

Hakikuwa kimekwenda popote. Kilipita ukutani asubuhi, mchana, kila Msumari aliposhika msumeno. Zamani kilikuwa kero, baadaye kikawa habari njema. Sasa hakikuwa kitu zaidi ya mtu anayekohoa upande wa pili wa ukuta, na hilo ndilo lililomshinda Sponji. Mtu anayekohoa vile, peke yake, huwezi ukamsikiliza ukashona. Mguu ulikuwa unaruka kwenye pedali. Mshono wake ambao ulisifiwa kwa kunyooka ukaanza kwenda upande kama mlevi anayetafuta nyumba.

"Hivi," mkewe alimwuliza jioni moja, "uliwahi hata mara moja kumwambia afunge kitambaa puani? Amwage maji chini kabla ya kufagia, vumbi lisipae? Kikohozi kile ni cha vumbi. Kila fundi mbao anayekuja zahanati tunamwambia hivyo hivyo."

Sponji akatazama ukuta.

"Miezi yote hiyo ya supu?" akasema muuguzi.

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ungeniuliza, ningekwambia. Labda ndiyo maana hukuuliza."

Alilala vibaya. Asubuhi alikaa kwenye cherehani, akashona, akafumua, akashona, akafumua. Kikohozi kikaanza. Akasema neno moja ambalo imamu asingelipenda, akainuka kwa muda wake, akajaza ndoo maji, akapita kichochoroni akijigonga pande zote mbili.

Msumari alikuwa ameinama juu ya ubao, macho mekundu. Alimwona, akajinyoosha.

"Umekuja kutafuta nini? Mbavu hamna."

"Kikohozi chako kinanipinda mishono."

"Hama."

"Nihamie wapi, mtu mwenyewe umenizibia njia?" Akamtupia kitambaa safi cha pamba, masalio ya kochi. "Funga hicho puani. Na usifagie maranda makavu hivyo, yanapaa yanakuingia. Yamwagiwe maji kwanza."

Msumari akakipokea, akakigeuza upande huu na upande ule, kama anatafuta mahali sumu ilipopakwa. "Haya umeyajua lini?"

"Jana usiku."

"Unaishi na muuguzi miaka yote hiyo, umeyajua jana usiku."

"Sikuwa nimeuliza."

"Sasa kwa nini umeuliza? Si umeshaambiwa hakuna mirathi?"

Aya pekee aliyoitegemea Sponji ilikuwa imeshafutwa hukumu yake. "Sijui," akasema. "Funga kitambaa."

Msumari akafunga. Sauti yake ikatoka nyuma ya pamba ikiwa ndogo. "Presha je?"

"Ipo."

"Ile chumvi niliongeza mara mbili tu. Hizo nyingine nilisema kwa hasira."

"Mara mbili ni nyingi."

"Nyingi. Ndiyo."

Sponji akaanza kumwaga maji kwa mkono, taratibu, kuanzia nyuma kuja mbele, na vumbi likalala chini kama limetiishwa. Akafika mlangoni. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa pale, barabara inapita watu, wanawake wawili wakasimama kidogo kutazama kitanda, wakaendelea.

"Na lile la hapa mbele," akasema Msumari, "usilirudie."

"Sijalitaja."

"Umepaangalia."

"Nilikuwa naangalia barabara."

"Barabara iko kule, Sponji. Wewe umeangalia hapa. Angalia chini, mwaga maji."